Punje moja iliyomshinda mfalme

TUSEME mjomba wako amerudi kutoka ng'ambo na mifuko yake imejaa. Anakuita kando na kukutaka uchague moja kati ya zawadi mbili.

Ya kwanza ni Sh1 milioni, pesa taslimu, unazokabidhiwa leo hii. Ya pili ni shilingi moja leo, shilingi mbili kesho, nne kesho kutwa, nane siku itakayofuata, na kuendelea hivyo, kila siku mara mbili ya jana, kwa muda wa siku 30.

Je, msomaji, ungechagua ipi?

Nimewauliza watu wengi swali hili, watoto wa shule na wazee wenye maduka. Wengi hukimbilia ile milioni, wala siwalaumu. Kufikia siku ya kumi, aliyechagua shilingi moja atakuwa amepokea jumla ya Sh1,023 pekee, na huenda majirani wameanza kumcheka.

Lakini jioni ya siku ya 20, hesabu yake itakuwa Sh1,048,575. Tayari amempita mwenzake. Siku ya 30 atakuwa na Sh1,073,741,823, yaani zaidi ya bilioni moja!

Hiyo ndiyo nguvu ya kuzidisha kwa mbili. Ni hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu anaiweza, lakini inasemekana iliwahi kumwaibisha mfalme. Na hapa kwetu Kenya imewaliza watu wazima wenye akili zao timamu, kama tutakavyoona.

KISA CHA SISSA

Waarabu na Waajemi wamesimulia kisa hiki kwa karne nyingi. Inasemekana kwamba huko Bara Hindi aliishi mwerevu mmoja kwa jina Sissa bin Dahir. Huyu alibuni mchezo wa sataranji, ule ambao vijana wa siku hizi wanauita chesi, akampelekea mfalme wake, Shihram.

Mfalme aliupenda mchezo huo mno, akamwambia Sissa aombe zawadi yoyote aitakayo.

Sissa hakuomba dhahabu wala ardhi. Aliomba ngano. Alitaka awekewe punje moja katika kijumba cha kwanza cha ubao wa sataranji, mbili katika cha pili, nne katika cha tatu, nane katika cha nne, na kuendelea maradufu hadi vijumba vyote 64 viishe.

Mfalme aliona kwamba amedharauliwa. Mtu anaambiwa aombe atakacho, naye anaomba kiganja cha ngano? Akaamuru apewe haraka aende zake. Baadaye wasimamizi wa ghala walirudi vichwa chini. Walikuwa wamefanya hesabu na kugundua kwamba ngano yote ya ufalme isingetosha.

Iwe kisa chenyewe ni kweli au ni hadithi tu, hesabu yake ni ya kweli. Mmoja wa walioieleza vizuri ni Ibn Khallikan, mwanachuoni wa karne ya 13 aliyekuwa Kadhi Mkuu wa mji wa Dameski, na ambaye anakumbukwa kwa kamusi yake ya maisha ya watu mashuhuri.

Kadhi huyo anakiri kwamba yeye mwenyewe hakuamini, hadi mhasibu mmoja wa mji wa Iskandaria, Misri, alipomwonyesha kwenye karatasi. Mhasibu alizidisha hadi kijumba cha 16, akapata punje 32,768. Hapo akaacha kuhesabu punje. Alichukulia kiasi hicho kuwa kipimo kimoja, akaanza kuhesabu vipimo. Vipimo vilipokuwa vingi, akahesabu maghala. Maghala yalipofika 1,024 akayaita mji mmoja.

Alipofika kijumba cha 64 alikuwa na miji 16,384 iliyojaa maghala ya ngano. Duniani, alisema, hakuna miji mingi kiasi hicho.

MAHINDI KWENYE BAO

Sisi wa huku hatuhitaji ubao wa sataranji ili kuionja hesabu hii. Bao la Kiswahili, lile linalochezwa na wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja, lina mashimo 32 yaliyopangwa katika safu nne za mashimo manane manane. Hiyo ni nusu kamili ya vijumba vya sataranji.

Basi tutoe kete, tuweke mahindi. Tukadirie kwamba kilo moja ina punje 3,000 hivi, na kwa hivyo gunia la kilo 90 lina punje 270,000. Tunaweka moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, na kuendelea.

Safu ya kwanza ikimalizika tumetumia punje 255. Hizo unazikamata mkononi, hata kuku hawezi kushiba.

Safu ya pili ikimalizika tumefikia punje 65,535, takriban kilo 22. Mama wa nyumbani bado hajashtuka.

Safu ya tatu inatufikisha punje 16,777,215. Hayo ni magunia 62, na mkulima mdogo tayari amebaki na ghala tupu.

Safu ya nne, ya mwisho, inatupeleka hadi punje 4,294,967,295. Hayo ni karibu magunia 15,900. Lori linalobeba magunia 300 litafanya safari 53.

Bao limekwisha, lakini Sissa ndiyo kwanza amefika nusu ya ubao wake. Ukiendelea hadi kijumba cha 64, utahitaji magunia trilioni 68. Hata tukichukulia kwamba dunia nzima huvuna tani bilioni 1.2 za mahindi kwa mwaka, itabidi watu wote wavune kwa zaidi ya miaka 5,000 bila kula hata punje moja.

NAMBARI YENYEWE

Nambari inayojaza ubao mzima ni hii: 18,446,744,073,709,551,615.

Ukitaka kuisoma kwa sauti, ni kwintilioni 18, kwadrilioni 446, trilioni 744, bilioni 73, milioni 709, elfu 551 na 615. Ukiamua kuhesabu punje hizo moja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, utamaliza baada ya miaka bilioni 584. Wanasayansi wanasema ulimwengu huu wote una umri wa miaka bilioni 13.8 tu.

Huenda ukadhani kwamba kuipata nambari hii ni lazima uzidishe kwa mbili mara 64 mfululizo. La. Msomi al-Biruni, aliyeishi yapata miaka elfu moja iliyopita, alieleza njia ya mkato: zidisha nambari kwa yenyewe.

Anza na 2. Mbili mara mbili ni 4. Nne mara nne ni 16. Kumi na sita mara 16 ni 256. Hiyo 256 kwa yenyewe ni 65,536. Nayo kwa yenyewe ni 4,294,967,296. Izidishe hiyo kwa yenyewe mara moja tu, kisha utoe moja. Umefika! Hatua sita na kutoa moja, basi.

Huko kutoa moja kuna siri yake. Nambari yoyote ikizidishwa kwa yenyewe kisha ukatoa moja, jibu hugawanyika kwa nambari iliyo moja chini yake na iliyo moja juu yake. Chukua 4: nne mara nne, toa moja, ni 15, ambayo ni 3 mara 5. Chukua 16: jibu ni 255, ambayo ni 15 mara 17. Chukua 256: jibu ni 65,535, ambayo ni 255 mara 257.

Ukiifuata njia hiyo hadi mwisho, nambari ya Sissa inafunguka kama kitunguu, ganda baada ya ganda. Ndani yake unakuta nambari tasa saba, yaani zile zisizogawanyika zaidi: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Ukizizidisha zote pamoja unaipata nambari nzima. Kwa jumla kuna nambari 128 zinazoigawanya bila kubakisha chochote.

Mbili za kwanza unaweza kuzihakikisha hapo ulipo. Nambari inaishia na 5, kwa hivyo inagawanyika kwa 5. Jumlisha tarakimu zake zote 20 na utapata 87, ambayo inagawanyika kwa 3. Basi nayo nambari nzima inagawanyika kwa 3.

Mbili kati ya hizo saba zilimkosesha mtu mashuhuri. Pierre de Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, aliamini katika karne ya 17 kwamba 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297 zote ni tasa. Tano za kwanza alipatia. Ile ya sita ilidumu bila kupingwa hadi 1732, wakati Leonhard Euler alipoonyesha kwamba ni 641 mara 6,700,417. Fundi naye hukosea.

Hizo tano alizopatia Fermat, ukizizidisha pamoja, zinakupa 4,294,967,295. Ndiyo ile jumla ya punje za bao letu!

KIJUMBA CHA MWISHO

Katika tabia zote za nambari hii, iko moja ambayo ningependa kila mwenye familia aishike.

Jumlisha vijumba vitatu vya kwanza: moja, mbili, nne. Unapata 7. Kijumba kinachofuata kina 8. Jumlisha vinne: 15. Kinachofuata kina 16. Jumlisha vitano: 31. Kinachofuata kina 32.

Hivyo ndivyo ilivyo hadi mwisho. Kijumba kimoja huwa na zaidi ya vyote vilivyokitangulia vikiwekwa pamoja, na kinavishinda kwa punje moja kamili. Cha 64 peke yake kina punje 9,223,372,036,854,775,808. Vile 63 vya nyuma, kwa umoja wao, vina 9,223,372,036,854,775,807.

Kwa maneno mengine, popote utakaposimama kwenye ubao huu, zaidi ya nusu ya punje zote ziko katika kijumba ulichokijaza mwisho.

Sasa badala ya punje, weka watu.

ANAYELIA NI NANI?

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne ambaye nitamhifadhi jina, aliuza ng'ombe wake wa maziwa mwaka wa 2006. Pesa alizipeleka katika mradi mmoja ulioahidi kuzizalisha haraka. Sharti lilikuwa alete watu wawili, nao walete wawili wawili.

Nilipomuuliza kama hakuogopa, alinijibu kwamba rafiki yake alikuwa amelipwa, na yeye alizishika noti hizo kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa kweli. Rafiki hakumdanganya. Kile ambacho wote wawili hawakujua ni kwamba pesa alizolipwa rafiki zilitoka kwa akina mama kama yeye.

Mwaka wa 2007 alikuta mlango wa ofisi una kufuli. Hakuwa peke yake. Mwaka huo miradi ya piramidi ilianguka sehemu nyingi za nchi na maelfu ya Wakenya wakapoteza akiba zao. Hata mataifa yameyumba kwa sababu hiyo. Nchini Albania, miradi ya aina hii ilipoanguka mwaka wa 1997, kulizuka ghasia ambazo zilisababisha vifo vya watu wapatao 2,000.

Watu husema waliokula pesa ni wezi, na ni kweli. Lakini hata kama wenye mradi wangekuwa waaminifu kama malaika, hesabu ingewakataa.

Safu ya kwanza ina mtu mmoja, ya pili wawili, ya tatu wanne. Kila mtu hulipwa na walio chini yake. Safu kumi zikijaa kuna watu 1,023, na kati yao 512 wako katika safu ya mwisho. Hao wamelipa na hawajapata kitu. Ni wengi kuliko wote walio juu yao. Wataambiwa wasubiri safu ifuatayo, nayo ikija itakuwa na watu 1,024 wanaosubiri.

Mradi kama huu hauna wakati mzuri wa kufungwa. Ukifungwa leo, zaidi ya nusu wamelia. Ukifungwa mwaka ujao, zaidi ya nusu watalia, ila watakuwa wengi zaidi. Na kama sharti ni kuleta watu sita badala ya wawili, wanaolia ni watano kati ya kila sita.

Wala mradi hauwezi kuendelea milele. Safu ya 26 ikijaa, watu ni 67,108,863. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, pamoja na watoto wachanga. Ikiwa safu moja inajazwa kila wiki, Kenya nzima inaisha kabla ya nusu mwaka. Safu ya 33 ikijaa, wanahitajika jumla ya watu karibu bilioni 8.6, na hao hawapo duniani. Hebu fikiria: bao zima na shimo moja zaidi, na binadamu wote wamekwisha.

Nisieleweke vibaya. Chama cha akina mama cha kuchangiana kwa zamu hakina kosa hili. Wakiwa kumi, hubaki kumi. Kila mmoja hutoa na kila mmoja hupokea, na hakuna safu ya chini inayongojea wageni.

SHILINGI NA DENI

Wakati mwingine hawataji watu kabisa. Wanasema tu, "Lete pesa, baada ya miezi mitatu zitakuwa mara mbili." Charles Ponzi aliwaahidi watu wa Boston, Marekani, jambo hilo hilo mwaka wa 1920, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa mikononi mwa sheria. Siku hizi mwaliko huja kwa simu, ukiwa na picha ya gari jipya.

Ukiupata, mkumbuke Sissa. Shilingi moja inayoongezeka maradufu kila miezi mitatu hufika kijumba cha 64 kabla ya miaka 16 kutimia. Hapo mwenye mradi atakuwa na deni lako la zaidi ya Sh9 kwintilioni, kwa shilingi yako moja tu. Pesa hizo atazitoa wapi?

Upande wa pili wa hesabu hii ni mkopo. Ukikopa kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na riba ikazaa riba, deni huongezeka maradufu kila miezi minne. Sh5,000 ulizochukua Januari kununua sare za shule, usipolipa chochote, zitakuwa karibu Sh44,600 mwaka ukiisha. Hapa wewe ndiwe mfalme, na mkopeshaji ndiye Sissa.

KITENDAWILI CHA WATOTO

Nawaachia watoto fumbo la Jumapili, na wazazi wasiwasaidie. Gugumaji limeota katika bwawa la shule. Kila siku huongezeka mara mbili, na siku ya 30 linafunika bwawa lote. Je, ni siku gani lilikuwa limefunika nusu ya bwawa?

Wengi watasema siku ya 15. Jibu ni siku ya 29.

Siku hiyo ya 29 nusu ya maji bado yalikuwa wazi, na mtu angeweza kusimama ukingoni akaapa kwamba nafasi ipo tele. Jirani yangu aliambiwa maneno kama hayo siku alipouza ng'ombe wake. Ilikuwa imebaki siku moja.